Mtoto wa Shimo la Tatu

Kompyuta ya makumbusho ilikuwa inakaribia kufa, na Hidaya alikuwa akiziokoa picha za uchimbaji wa mabaki ya kale kilimani. Kilima chenyewe kilishakatwa kupisha barabara. Zilibaki picha tu, nyingi zikiwa na namba bila maelezo yoyote. Moja ilimfanya asite: mifupa ya mtoto, shanga za buluu shingoni.

Akampigia simu Mzee Makame, mchimbaji aliyestaafu.

"Huyo namkumbuka," alisema Makame. "Shimo la tatu, chini ya ukuta wa mawe. Nilimkinga na jua kwa kofia yangu mpaka mpiga picha akaja."

Hidaya aliandika yote, hata ile kofia.

"Na sasa mtamweka wapi, mwanangu?"

"Picha yake itakaa mahali patatu, mzee. Hapa kwetu, na katika miji mingine miwili. Hapa pakiungua, bado yupo."

Makame akaomba atajiwe miji hiyo, na Hidaya akamsikia akiyarudia majina hayo taratibu, kama mtu anayejifunza njia ya kwenda kumtazama mgonjwa.