Bunge Lililovunjwa kwa Masizi

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe kumi na tisa Machi 2008, saa mbili asubuhi, Lois aliposugua sufuria ya Jairus mpaka ikang'aa.

Jairus alikuwa ndiyo kwanza ametoka lindo. Alisimama mlangoni mwa jiko na yunifomu yake, akajiona kitakoni mwa sufuria. Uso aliouona haukumpendeza.

"Masizi yangu yako wapi?"

"Masizi gani tena, Baba Shem? Nimekusaidia. Nimemaliza waya mbili za kusugulia."

"Yalikuwa ya Damaris."

Lois aliishusha sufuria, povu jeusi likimtiririka hadi kwenye kiwiko. Sufuria ile ilitoka kwao Vihiga ndani ya sanduku la Jairus, na masizi yake yalitoka kwenye kuni za marehemu mkewe. Damaris alikufa siku ambayo mkubwa wa kampuni alikataa kumpa Jairus likizo, na mkubwa wa hospitali alikuwa mkutanoni. Tangu hapo Jairus hakuwa na neno jema kwa yeyote aliyekalia kiti. Na Lois alikalia kiti. Ndiye aliyekuwa Spika wa Bunge.

Bunge lenyewe lilikuwa la wapangaji watano wa nyumba moja kule International City, mtaa wa wahamiaji katika nchi ya Waarabu, wanawake wawili chumbani, wanaume watatu ukumbini. Walilianzisha wasije wakatoana macho kwa ajili ya jiko. Jairus alikuwa Waziri wa Gesi. Asubuhi ileile alijiuzulu, akang'oa koki ya mtungi, akaitia mfukoni. Lois aliomba radhi mara tatu, mara tatu akafungiwa mlango wa choo usoni. Mara ya nne akaitia friji kufuli, na unga wote wa ugali umo ndani ukiwakimbia mende.

Basi mwenye gesi hana unga, na mwenye unga hana gesi.

Jioni Mohdhar, mtu wa Mombasa anayeuza viungo soko la Al Ras, akarudi na habari za redioni. "Kuwait wamevunja bunge! Serikali na wabunge wamevutana weee, khalas, watu warudi kupiga kura. Sisi twangoja nini?"

"Nyumbani juzi tu watu wamechinjana kwa hizo kura," Carolyne, anayelala chumba kimoja na Lois, akasema.

"Hapa watachinjana na nini? Kisu ni kimoja, na hakikati hata kitunguu."

Uchaguzi ukapangwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Siku tisa za mkate na maharage ya kopo. Kila mtu akajitangaza mgombea. Nick, mhudumu wa hoteli, aliahidi dakika ishirini za maji ya moto kwa kila raia. Carolyne aliahidi kupiga marufuku omena, wale dagaa wa kunuka. Mohdhar, ambaye ndiye pia msimamizi wa uchaguzi, aliahidi haki, na hapo wote wakacheka. Kisha akatunga sheria: kura zikilingana, Spika ametoka.

Hesabu yake haikuhitaji shule. Wagombea watano, wapiga kura haohao watano, na kila mmoja ana jina lake. Lois alihitaji kura moja tu ya mtu mwingine, na hakuwa nayo.

"Nikianguka nahama," alisema. "Nimeshapata kitanda mtaa wa Satwa. Nimechoka kuwa yaya wa watu wenye ndevu."

"Sanduku nitakubebea mwenyewe mpaka kituoni," Jairus akamjibu.

Kampeni yake ilikuwa kali. Kila jioni, kabla ya kwenda lindo, alipanda juu ya ndoo iliyofudikizwa, akamsomea Spika mashtaka.

"Huyu ni dikteta! Nani kamtuma anigongee ukuta saa kumi jioni eti nisiachwe na gari la kampuni? Nikikohoa mara moja, tangawizi! Dawa ya presha lazima nimeze mbele yake, kisha nipanue mdomo akague, kama ng'ombe mnadani! Miaka miwili nameza! Tumechoka!"

"Tumechoka akina nani, mzee?" Nick akauliza. "Mimi hajawahi kunipa tangawizi."

"Nyamaza, kijana. Wakubwa huanza hivyohivyo, kidogo kidogo."

Ijumaa ikafika. Mohdhar aliporudi msikitini, sanduku la Lois lilikuwa tayari mlangoni, limezungushiwa kamba. Bafu likageuzwa kituo cha kura, na mkebe mtupu wa maziwa ya unga ukawekwa juu ya friji. Mmoja mmoja waliingia na kutoka. Jairus aliingia wa mwisho, akakaa humo mpaka Nick akagonga.

"Mzee, ni jina moja, si barua!"

Akatoka, akatumbukiza karatasi yake. "Yalla, tumalize. Kuna mtu ana basi la kuwahi."

Mohdhar akakohoa kiserikali, akaanza.

"Nick, moja." Nick akajipigia makofi peke yake.

"Carolyne, moja. Mohdhar, moja, alhamdulillahi. Lois, moja."

Lois akainama, akanyanyua sanduku.

Mohdhar akakunjua karatasi ya mwisho. Akaisoma, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele, akaisoma tena.

"Lois, mbili."

Sanduku likarudi sakafuni taratibu.

"Na Mzee Jairus?" Carolyne akauliza.

Mohdhar akaupindua mkebe, akaupiga kitako. Hakikudondoka chochote ila vumbi la maziwa.

Wote wakamgeukia Jairus. Alikuwa ametoa macho dirishani, ambako hapakuwa na cha kutazama ila ukuta wa jengo la pili.

"Mzee," Nick akauliza, "yaani hata wewe hukujipigia?"