Mgongo wa Dirisha la Tatu

Mhudumu wa dirisha la tatu alikuwa akiwapa watu mgongo, na watu walimpenda kwa hilo hilo.

Kazi yake ilikuwa kuwasaidia wananchi kutumia huduma za serikali mtandaoni. Ukifika anakusogezea kompyuta, anakuonyesha pa kubofya, na taarifa zako zikikaribia kufunguka, huyo, anazungusha kiti na kutazama ukuta. Aliyekaa pale kabla yake alisoma mambo ya watu mchana, jioni mtaa mzima unayo. Huyu, wapi! Hata umbembeleze. "Mambo yako ni yako," husema. "Mimi nasoma rangi ya ukuta." Bosi alicheka kwanza, kisha akaagiza madirisha yote yafanye hivyo hivyo.

Na aliiamini kazi yake, hakuwa anatania. Asubuhi moja, kabla hajatoka nyumbani, alimkuta binti wa mpangaji wake akiburuza malapa makubwa uani huku wenzake wakienda shule. Mama mtu alikuwa amepanga chumba cha nyuma. Alisema ni mjane, na aliogopa hata kivuli chake.

"Mpaka leo hujamwandikisha? Lete namba ya cheti chake cha kuzaliwa."

"Dada, mambo ya mtandaoni nayaogopa. Watu wataona."

"Watu gani, mdogo wangu? Ni wewe na serikali tu!"

Mpangaji alisita. Akamtazama mwanawe, kisha akaitaja namba kwa sauti ya chini. Mhudumu akabofya kwenye simu yake, mengine, hadi majina ya wazazi, mfumo ukajaza wenyewe, anwani akaandika ya nyumba yake. Chai haijapoa, kazi imekwisha. Mtoto aliruka kwa furaha hadi lapa moja likapaa. Mama yake naye akacheka, mara ya kwanza tangu ahamie pale.

Mchana alikuja baba mmoja mpole, shati limepigwa pasi, mkononi kashika kiatu kimoja chekundu cha mtoto. Watu wakampisha kwenye foleni bila kuombwa.

"Nimekaa safarini sana, dada. Binti yangu ameshafika umri wa shule, na sijui kama ameandikishwa. Hiki nimekichukua kwa ajili ya kipimo, nimnunulie viatu vya shule."

Mhudumu alitazama kile kiatu, kikiwa kimefutwa vumbi vizuri, na moyo ukamlainika. Akina baba wangapi siku hizi wanajua hata mtoto anavaa namba ngapi?

"Ingiza namba yako ya kitambulisho hapo, kaka. Kama ameandikishwa utaona shule, darasa, hadi mtaa na namba ya nyumba. Mzazi hafichwi kitu."

"Hadi nyumba?"

"Serikali siku hizi si mchezo!"

Akazungusha kiti, akatazama ukuta. Nyuma yake vidole viligonga taratibu, vikasimama. Kisha ikasikika pumzi ndefu, kama ya mtu aliyetua mzigo.

"Yupo," yule baba alisema. "Nimempata."

Mhudumu nusura alie. Hiyo ndiyo maana ya kazi hii, alijiambia. Si zile kelele za mikutanoni.

"Basi usipige hata simu," akasema, bado ameuelekea ukuta. "Nenda umshtukize."

"Nitafanya hivyo. Mungu akulipe, dada. Hujui ulichonifanyia."

Alipogeuka, baba alikuwa ameshaondoka. Kwenye kompyuta alikuwa ameacha nyota tano, kile kipimo cha huduma nzuri ambacho wengi hawajisumbui kukijaza. Mhudumu akamwita bosi aje aone.

Jioni alipitia dukani, akanunua penseli, ufutio na mkoba wenye picha ya sungura. Alipofika getini alianza kuita kabla hata hajafungua. "Mwanafunzi wetu! Njoo uone nilichokuletea!"

Malapa yalikuwa uani, moja huku, moja kule. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi.

"Mama mwanafunzi! Hodi!"

Kizingitini palikuwa na kiatu kimoja chekundu. Ndani, mpangaji alikuwa sakafuni, amempa mgongo, na hakuitika.