Paka Aliyekataa Kuapa

Panya walipoyamaliza mayai ya Mama Kuku, Bata mwenye huruma alimwokoa Paka mtaroni, akamleta bandani awawinde panya na awe mmoja wa jamaa.

Jogoo, mpenda viapo, akamwamuru: "Apa kwamba hutamgusa kifaranga."

"Siapi, mzee wangu," Paka akajibu. "Nikishiba, ni mlinzi. Nikilala njaa, mimi ni paka."

"Basi rudi mtaroni kwako!"

Mama Kuku akasimama. "Baba watoto, yule mlinzi wako Kicheche aliapa mara tatu, tukabaki na manyoya ya wanangu watano. Huyu ametutajia siku ya kumwogopa, nasi tunaweza kuizuia isifike."

Jogoo akainamisha shungi lake. Mama Kuku akagawa dagaa, akaanza na Paka.