Mshale wa Sekunde

Fundi saa alikibana kioo chake jichoni, akaiinamia saa ya marehemu mpaka pua ikakaribia kuigusa. Shemeji mtu alikwishatoa hukumu tangu nyumbani: ikiwa halisi, ni mali ya ukoo, ikiwa feki, abaki nayo mjane.

"Mashine yake nzuri," fundi alisema. "Lakini mshale wa sekunde si wake. Kitu kimoja kikishabadilishwa, na vingine navitilia shaka. Siwezi kuithibitisha."

"Yaani feki," shemeji alidakia.

"Sijasema feki. Mama, nani aliifungua mara ya mwisho?"

Wote wawili wakamgeukia mjane. Naye akawatazama bila kupepesa.

"Marehemu. Mfufueni mkamuulize."

Shemeji akaguna, akaisukuma saa juu ya meza kwa kidole kimoja, kama mtu anayesogeza sahani ya makombo. "Haya, shemeji, chukua bati lako."

"Bati langu nalipenda hivyo hivyo."

Akalivaa palepale, akafunga mkanda bila haraka. Mshale wa kweli, mwembamba kama unywele, ulikuwa unamchoma kichwani ndani ya pindo la kilemba, lakini hakujikuna.