Jina la Meja Chitanda

Sikudhani alifungua faili la jeshi akitafuta habari za nishani za babu yake, Meja Chitanda. Akakuta amri aliyoitia saini babu mwenyewe: kijiji cha Mkongoni kichomwe moto.

Akalifunga. Chumba cha nyaraka kilikuwa na mlango mmoja tu, na nje yake alikaa mama mkwe wake akimbembeleza mjukuu, aliyerithi jina la babu huyo. Mkono wa mama ulikuwa na kovu la moto wa Mkongoni. Kwao alipona yeye peke yake.

"Umezipata, mwanangu?"

"Bado, mama."

"Tafuta tu. Mimi na Meja wangu tunakungoja."

Mtoto akalaza shavu juu ya kovu, akasinzia.