Bega la Swala

Saa nne na dakika kumi asubuhi, kwenye kioo cha kabati la mifupa ya swala, katika makumbusho, kulikuwa na alama ya pua. Ilikuwa pua ya binti wa muuza nyama.

"Mabega wameyakosea," alisema, na papo hapo akatamani kuyameza maneno yake.

Darasa likaangua kicheko. "Bucha kaanza!"

Mwalimu alikwisha kuonya kwamba atakayeropoka atasubiri ndani ya basi hadi jioni. Akamwonyesha mlango kwa kidole.

"Mwache kwanza, Mwalimu," alisema mhifadhi wa makumbusho, mama mwenye miwani. "Umejuaje, mwanangu?"

Binti aligusa kioo penye bega. "Jumamosi namsaidia baba kutenganisha mabega ya mbuzi. Huu ukingo ulioinuka katikati ya mfupa hutazama nje. Hapa umegeukia mbavu; la kulia limewekwa kushoto."

Mhifadhi hakucheka. Alifungua kabati kwa ufunguo, akaingia, akakata waya wa bega moja, kisha wa la pili. Mwalimu alitazama saa yake. Binti aliikunja sketi yake ngumini hadi vidole vikafa ganzi.

Mfupa wa kulia ulihamishiwa upande wake. Ukakaa sawasawa.

"Aliyeufunga vibaya ni nani?" akauliza Mwalimu.

"Mimi. Miaka kumi na tisa iliyopita."

Hakuna aliyecheka tena.

"Mama," binti aliuliza kwa sauti ndogo, "hii ndiyo kazi yako ya kila siku?"

"Ya kila siku. Vaa glavu hizi, uje unishikie bega la kushoto."

Glavu zilimpwaya. Alizivaa, akapanda ndani ya kabati.