Aliyeogeshwa Alfajiri

"Kuna mtu amemwogesha huyu mtoto?" nesi aliuliza kwa mara ya tatu, na kwa mara ya tatu bibi alidanganya.

"Nani amwogeshe? Sisi tumekaa tu hapa."

Mjukuu alikuwa na saa saba duniani, na zote saba alikuwa akikimbizana na pumzi. Kifua kilipanda na kushuka upesi upesi, na kila akitoa pumzi aliguna kama mzee anayeinuka kitini. Mama yake, binti wa bibi, alikuwa kalala chali. Mshono wa upasuaji ulimkataza hata kukohoa.

"Nina sababu ya kuuliza," nesi alisema. "Tumboni kulikuwa na joto saa zote. Huku nje hajui hata kutetemeka. Ule utando mweupe aliozaliwa nao ndio koti lake. Ukimwogesha mapema umemvua koti. Akipoa, hata kupumua kunamshinda. Sasa taa ya joto imempasha, kipimo cha joto hakitaniambia kitu. Kama hajaogeshwa, daktari atatafuta ugonjwa. Atamchoma sindano ya mgongoni."

"Ya mgongoni!" Binti alianza kulia, mkono juu ya mshono.

Bibi alitazama sakafu. Mgongo wenyewe haujazidi kiganja! Na yote kisa yeye.

Maana alimwogesha. Alfajiri nesi alikuwa ameitwa chumba cha kujifungulia, na akina mama wote wawili wa wodi ile walikuwa hoi kwa usingizi. Wakwe wangefika saa nne. Wamkute mtoto kapakaa mautando? Si watasema upande wa mama hawajui maji! Miwani aliisahau nyumbani juu ya redio, basi alipapasa hadi kwenye taa ya joto, walipolazwa watoto wawili ndani ya vitambaa vya kijani vya hospitali, akambeba wake hadi bombani. Mtoto alilia kwa sauti nene. Hata kuguna aliacha; bibi akasema moyoni, ama kweli maji yamemfaa. Alimsugua kwa sabuni, akamfunga kitambaa kile kile kilicholowa, akamrudisha akijiona hodari.

Kulipokucha, mjukuu alikuwa anaguna tena. Tangu hapo chai ya bibi ilikuwa ikipoa kikombeni.

"Poleni, jamani," alisema mama wa kitanda cha dirishani, aliyekwisha kupewa mwanawe. "Wangu hata kulia hajui. Tangu asubuhi kalala tu, ziwa nalo hataki."

"Mtoto mstaarabu huyo," bibi alijibu, na wivu ukamchoma.

Daktari aliingia na trei iliyofunikwa. Nesi akamtazama bibi usoni.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua, bibi."

"Ni mimi!" Bibi alisimama mbele ya trei. "Nimemwogesha mimi. Alfajiri, kwa sabuni, kwa mikono yangu hii. Nichomeni mimi hiyo sindano!"

"Mama," binti alisema polepole. "Mtu niliyemwachia mwanangu ni wewe."

Bibi aliona afadhali angepigwa kofi.

Nesi alimfunua mtoto aone sabuni hiyo imefanya nini. Aliangalia nyuma ya masikio, kwapani, mikunjo ya mapaja. Kidole chake kilitoka cheupe, kinateleza.

"Bibi, mbona huyu hajaguswa na maji? Koti lake lote analo."

Daktari aliinama, akasikiliza kifua kwa muda mrefu. "Na pumzi zinaanza kutulia. Haya ni maji ya tumboni, yamechelewa kukauka kwenye mapafu. Wa upasuaji wengi huwa hivi." Akairudisha trei mezani. "Sindano isubiri kwanza."

Binti alicheka huku analia. Bibi alikaa chini kwa kishindo, akamshukuru Mungu kwa sauti, akaapa kutogusa sabuni mpaka mtoto aote meno.

"Lakini bibi," nesi alisema, tabasamu likimpotea, "alfajiri ulimwogesha nani?"

Bibi aligeuka. Pale dirishani, mtoto mstaarabu alikuwa bado amelala.